Laana za Bath

London, Uingereza

Kwako rafiki yangu Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Mama na wote hapo nyumbani Pangani. Mimi sijambo. Jumamosi iliyopita nilikwenda Bath, mji ulio magharibi mwa London, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa treni, na tangu nirudi nimekuwa na hamu ya kukuandikia, kwa kuwa niliyoyaona huko yalinirudisha barazani kwa Bibi.

Warumi waliuita mji huo Aquae Sulis, yaani Maji ya Sulis, mungu wa kike ambaye wenyeji walikuwa wakimwabudu penye chemchemi kabla wao hawajafika. Badala ya kumfukuza walimuunganisha na Minerva wao, wakamjengea hekalu na mabwawa ya kuogea katika karne ya kwanza. Chemchemi ingali inabubujika zaidi ya lita 1,000,000 kwa siku, kwa joto la nyuzi 46. Bwawa kuu lina kina cha mita 1.6, na mabamba 45 ya risasi waliyolitandika chini yangalipo hadi leo. Maji yake ni ya kijani, maana paa lilikwisha anguka zamani na mwanga wa jua huotesha mwani. Nilisimama ukingoni mvuke ukinipiga usoni, na mawe niliyokanyaga yamelika kwa nyayo za watu.

Lakini kilichonishika ni vibati vidogo vya risasi na bati, kama 130, vilivyookotwa ndani ya chemchemi. Mtu aliyeibiwa alikwaruza mashtaka yake juu ya kibati, akakikunja, akamtupia Sulis majini. Docilianus aliibiwa joho lenye kofia. Anamwomba mungu wake amuue mwizi, awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au muungwana, na amnyime usingizi na watoto mpaka alirudishe joho hekaluni. Mwanamke mmoja, Basilia, analilia pete yake ya fedha. Zuhura, tulisomeshwa Warumi wa majeshi na makaisari, na hapa namkuta mtu aliyetoka kuoga akakosa nguo yake! Nilivisoma vibati hivyo kimoja kimoja hadi mlinzi akaja kutuambia kwamba wanafunga.

Bila shaka umekwisha kumbuka kisomo cha Halbadiri, na siku ile Bibi alipoibiwa cherehani, akapita mtaa mzima akitangaza kwamba Ijumaa kitasomwa. Tofauti ninayoiona, nayo ndiyo ninayotaka unipe rai yako, wewe unayefundisha historia, ni kwamba Bibi alitangaza kwa sauti ili mwizi asikie, ilhali Docilianus alilikunja neno lake na kulizamisha mahali asipoweza kulisoma mtu. Yule mwizi wa joho angeingiwaje na hofu? Nadhani mji mzima ulijua desturi hiyo, na kumwona mtu akielekea chemchemini na kibati mkononi kulitosha kuwa tangazo.

Tafadhali muulize Mama, aliyekuwapo siku ile, Bibi alitamka maneno gani hasa. Mimi nakumbuka cherehani tu, ilivyokutwa mlangoni alfajiri ya Alhamisi, sindano ikiwa bado na uzi mwekundu.

Ni mimi rafiki yako,
Mwanahamisi