Fulana si mwanzo wa kufufua chama chuoni

Mhariri,

Tawi la chama cha wanafunzi likilala, iwe Njoro au Maseno, wanaotaka kulifufua hukimbilia kuchapisha fulana. Hayo ni ya mwisho. Kwanza itafutwe katiba ya zamani katika ofisi ya msimamizi wa wanafunzi, kisha mhadhiri akubali kwa maandishi kuwa mlezi. Bila sahihi yake hata ukumbi ni shida kupata.

Kinachoua matawi hasa ni uongozi wa mwaka wa nne watupu. Wakihitimu, huondoka na muhuri, nywila na akaunti ya benki ambayo watia sahihi wake hawapatikani tena. Chagueni mweka hazina wa mwaka wa pili na naibu wake wa mwaka wa kwanza. Watia sahihi wawe watatu, mlezi akiwemo, na kumbukumbu za mkutano wa uchaguzi zipelekwe benki mara moja, si muhula ujao. Ada nazo zisipitie M-Pesa ya mtu binafsi, tafadhali!

Uandikishaji ufanywe Septemba, wanafunzi wapya wakiwapo. Kati ya Mei na Agosti wengi wako kwenye mafunzo ya nyanjani au mazoezi ya kufundisha, na akidi, yaani idadi ya wanachama inayotakiwa ili mkutano uwe halali, haitimii.

Mlezi wa vyama vya wanafunzi,
Kisumu