Abiria asishushwe kila makutano

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya magari ya waya ya mjini, zile kabini za abiria zinazoning'inia kwenye waya angani, na kuna sehemu imenikera kweli, pale mlipoandika kwamba laini mbili zikikutana abiria hana budi kushuka na kupanda upya kwa sababu kila laini ina waya wake. Waya ni wake sawa, lakini kabini ikiingia stesheni inauachia, gripu, yaani kibano kinachoshika waya, inafunguka, halafu matairi yanaisukuma polepole kwenye reli mpaka ikashike tena upande wa kutokea. Sasa kama imeshaachia, si reli hiyohiyo inaweza kuipeleka laini ya pili, ilimradi gripu na waya vinaendana? Kule Hong Kong, Ngong Ping 360, kabini inapinda karibu digrii 60 kwenye stesheni ya kona na watu wamekaa tu ndani. La Paz, Bolivia wana laini 10, ya kwanza ilifunguliwa 2014, lakini pale kubadili laini ni kwa miguu.

Ugumu wenyewe hamjaugusa, nao ni nafasi. Chukulia waya unakwenda mita 5 kwa sekunde na kabini zinafuatana kila sekunde 12, hiyo ni mita 60 katikati yake. Laini mbili zilizojaa hivyo ukiziingiza kwenye waya mmoja unahitaji sekunde 6, na stesheni haijajengwa kwa kasi hiyo, kabini zitarundikana mlangoni. Kwa hiyo kila tawi, yaani kila laini inayoingia, lipeleke kabini moja kati ya mbili, yaani kila sekunde 24, na ile nyingine igeuze pale makutano irudi ilikotoka. Halafu zilizovuka zihesabiwe na zirudi idadi ileile, la sivyo jioni tawi moja halina kabini na lingine limejaa matupu. Na laini moja ikisimama kwa hitilafu swichi, ile reli inayohamisha kabini kwenda laini nyingine, ifungwe mara moja, zingine ziendelee zenyewe na watu wabadili kwa miguu siku hiyo tu.

Mnasema ni gharama kubwa, sawa, swichi na reli za ziada ni hela. Ila mtu wa kiti cha magurudumu, au mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, kila makutano ni lifti, foleni na korido ndefu, hiyo nayo mbona hamkuipigia hesabu?

Mkiandika tena naomba muwaulize wahandisi wanaacha nafasi ngapi wazi kwenye kila waya, maana hizo zinapangwa kabla stesheni haijajengwa.

Msomaji wenu