Risala ya wazazi wa kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu kwa mgeni rasmi, Machi 21

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu wa kitengo, wazazi wenzangu na watoto wetu, shikamooni, na wa rika langu habari za saa hizi. Risala hii nimepewa mimi niisome kwa sababu nilichelewa kikao, ndo adhabu yangu.

Mheshimiwa, tarehe 21 mwezi wa 3 haikuchaguliwa hivi hivi, watoto wetu wenye Down sindromu wana kromosomu, yaani vile vibeba urithi ndani ya seli, namba 21 zikiwa 3 badala ya 2, na Umoja wa Mataifa unaiadhimisha siku hii toka 2012. Mambo ya kromosomu tuwaachie madaktari, sisi tuna shida na ngazi.

Ulipofika umepanda zile ngazi nne za darasani bila hata kuziangalia. Mwanangu ana miaka 8, anashika ukuta kwa mikono miwili, anapandisha mguu wa kulia, anauleta wa kushoto hapo hapo, anatulia, anaangalia chini, ndo anaenda ya pili. Kengele ikilia wenzake wanapita mbio, yeye anakaa kitako kabisa anasubiri waishe, na huko tulikokuwa zamani kuna mwalimu alimwandikia kwenye daftari eti mvivu. Mvivu! Misuli yake imelegea tangu kuzaliwa, viungo vinapinda kupita kiasi, nyayo zimelala bapa, halafu ile sehemu ya ubongo ya kisogoni inayosaidia mwili usiyumbe kwa watoto hawa huwa ndogo, kwa hiyo akiguswa bega kidogo tu mwili unachelewa kujishika na tayari yuko chini. Ndo maana wanatembea wametanua miguu. Watoto wengine wanaenda tata kwenye mwaka mmoja hivi, wa kwetu wengi ni miaka miwili na zaidi, wangu alisimama dede mpaka majirani wakachoka kuuliza.

Ila mazoezi yanasaidia jamani. Mwalimu wa kitengo amechora mstari wa chaki sakafuni, ameweka ubao na godoro kuukuu la sponji, wanapita juu yake pekupeku, wanasimama mguu mmoja huku wanarushiana mpira. Mwanzo mwanangu alikuwa akihesabu moja mguu umeshashuka, saivi anafika nne, tano akiwa na hasira.

Kwa hiyo tunaomba vyuma vya kushikia kwenye ngazi na chooni, magodoro ya mazoezi, na mtaalamu wa mazoezi tiba awe anapita hata mara moja kwa mwezi. Macho na masikio nayo wapimwe, maana asiyeona vizuri ngazi inaishia wapi huwezi kumlaumu akijikwaa.

Na walimu wa michezo, hili naliomba kwa msisitizo, msiwapigishe kichwangomba kabla daktari hajaruhusu, baadhi yao pingili za juu za shingo zimelegea. Mtoto aliyekuwa anatembea vizuri akianza ghafla kuangukaanguka, au shingo ikakaa upande, au akaanza kujikojolea wakati alishaacha, usisubiri wiki iishe, mwite mzazi aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mheshimiwa, tunaomba kuwasilisha. Wakati wa kushuka, ngazi ya tatu imemeguka pembeni, uangalie mguu.