Barua ya malalamiko: Matangi ya kulanti yanayopasuka kwenye mshono

Meneja wa Mauzo,
Duka la Vipuri vya Magari,
Nakuru.

Kwa Bw/Bi,

KUH: MATANGI YA KULANTI YA GOLF NA PASSAT, PAMOJA NA VIFUNIKO VYAKE

Matangi ya kulanti (maji ya kupoza injini) mliyotuuzia kwa ajili ya Volkswagen Golf na Passat yanapasuka yakiwa bado mapya. Risiti tumeziambatisha. Tulipowapigia simu mlitupa majibu matatu: kwamba tumekaza klipu kupita kiasi, kwamba tumejaza maji ya kisima, na kwamba ufa mdogo unazibwa tu kwa gundi ya epoksi. Majibu mawili ya kwanza si kweli. La tatu ni la hatari.

Tuanze na klipu. Mipira inayopitisha kulanti kwenye magari haya inashikwa na klipu za springi zisizo na skrubu. Fundi anaibana kwa koleo, anaisogeza mahali pake, anaiachia. Hata mwenye mkono mzito hana pa kukazia. Tena ufa haupo kwenye shingo ya mpira. Upo kwenye mshono unaounganisha nusu ya juu na nusu ya chini ya tangi, upande unaotazama injini. Kwa nje mtauona kwa unga wa pinki uliogandia pale kulanti ilipokaukia. Kwa ndani ingizeni tochi, mbinye tangi kwa vidole, na mstari unafunguka.

Maji ya kisima ya huku Bonde la Ufa tunayajua. Yanaacha magamba kwenye rejeta, yanaziba hita, yanakula pampu ya maji. Mshono wa plastiki hayapasui. Na hata hivyo magari haya yalijazwa kulanti na maji yaliyochujwa kwa mvuke, nusu kwa nusu, hewa ikatolewa hita ikiwa imefunguliwa mwisho, injini ikaachwa ikinguruma mpaka feni ikawaka na kuzima, kisha kiwango kikaangaliwa tena baada ya kupoa.

Kabla ya kulaumu tangi tulihakikisha gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, ni nzima, maana gesi ya mwako ikivujia kwenye maji hupandisha presha mpaka ipasue hata tangi zuri. Tulivuta hewa ya tangi kupitia dawa ya bluu ya kupimia gesi hiyo. Ingegeuka njano, tungeacha kuandika barua hii. Ilibaki bluu. Ndipo tukafunga pampu ya presha kwenye mdomo wa tangi, injini ikiwa baridi, tukapandisha hadi bar 1.4 (bar ni kipimo cha presha). Sindano ilipaswa kutulia hapo. Ilishuka, na matone yakatokea kwenye mshono uleule.

Tangi moja tulilipasua kwa msumeno. Karibu na kona ya mshono ukuta umekonda waziwazi kuliko sehemu nyingine, na zile nusu mbili hazikuyeyuka zikashikana. Zimegusana tu, unaweza kupenyeza ncha ya kisu.

Kosa la pili ni kifuniko mnachouza pamoja na tangi. Kimeandikwa bar 1.4, lakini kwenye pampu vali yake haikuachia hata sindano ilipopita bar 2. Kazi ya vali hiyo ni kutoa presha inayozidi. Ikikwama, presha inatafuta mahali dhaifu, na mahali dhaifu mmeshapatengeneza nyinyi. Kwa hiyo kutubadilishia tangi bila kubadilisha kifuniko hakutusaidii kitu.

Mtu wenu wa kaunta alituambia “plastiki ni plastiki”. Tunashuku amezoea Toyota Probox. Kwenye Probox presha inashikwa na kifuniko cha rejeta. Ile chupa ya pembeni inapokea tu maji yaliyotanuka na kuyarudisha injini ikipoa. Ikipasuka, dereva ataongeza maji siku kadhaa na maisha yataendelea. Kwenye Golf tangi lenyewe limo ndani ya mfumo wa presha. Likipasuka, presha yote imekwenda.

Na huku kwetu presha si jambo la kupuuza. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji matupu yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ukipanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit na Timboroa, yanachemka mapema zaidi, wakati injini inavuta mzigo na joto lake la kawaida linapita hapo. Kulanti ikishamwagika, sensa ya joto hubaki hewani na mshale unaweza kumdanganya dereva kwamba mambo ni shwari huku hedi ya alumini ikipinda.

Kuhusu epoksi: matangi yenu yamepigwa chapa ya PP, yaani polipropilini, plastiki ambayo gundi ya kawaida haiishiki, uipige msasa usiipige. Kiraka kitakaa gari likiwa baridi. Joto likipanda plastiki inatanuka, kiraka hakitanuki nayo, kinabanduka, na kulanti iliyopita nyuzi 100 inalipuka kuwa mvuke usoni mwa aliyeinamia injini. Kuchomelea kwa hewa ya moto na ufito wa polipropilini kunaweza kulifikisha gari gerejini. Zaidi ya hapo, hapana. Tafadhali acheni kuwapa wateja ushauri huo.

Tunadai haya: mturudishie pesa za matangi na vifuniko vyote vilivyo kwenye risiti, pamoja na gharama ya kulanti iliyomwagika na kazi ya kufungua na kufunga upya, na mwondoe kwenye rafu mzigo wote wa shehena hiyo, vifuniko vikiwemo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kulipwa fidia. Tusipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, tutapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya na kufungua dai katika Mahakama ya Madai Madogo.

Matangi yaliyopasuka tumeyahifadhi, likiwemo lile lililokatwa. Mtumeni fundi wenu siku yoyote ya kazi, aje na pampu yake ya presha ikiwa haiamini yetu, na achukue kifuniko kimoja kipya kutoka rafuni mwenu ili tukipime mbele yake.

Wenu,
Mafundi wa gereji,
Nakuru.