Mwenye chama naye anaweza kuwa mtu wa kiasi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila siasa zinapopamba moto visiwani Zanzibar, masheikh, viongozi na magazeti, lako likiwemo, hutuhimiza tuwe watulivu. Wito ni mzuri. Haumwambii mtu, lakini, afanye nini saa tatu za usiku, simu iko mkononi, na sauti ya mtu asiyemjua inamwambia kuwa wenzake wa chama wamepigwa Micheweni, Pemba. Sisi tunataka kuandika juu ya hilo tu.

Kwanza tuondoe fikra moja inayoharibu mambo. Hapa kwetu mtu wa kati na kati huitwa popo, si ndege si mnyama, au huitwa ndumilakuwili. Kwa khofu hiyo watu wengi wenye busara huona bora wapige kelele pamoja na wenzao kuliko kutiliwa shaka. Kiasi hakimtaki mtu aache chama chake. Yuko anayetaka Muungano wa mkataba, yaani wa nchi mbili zilizoandikiana makubaliano, yuko anayetaka serikali mbili zibaki zilivyo, na wote wawili wanaweza kuwa watu wa kiasi. Kinachotazamwa ni namna mtu anavyosikia khabari, muda anaojipa kabla ya kujibu, na pahala anapoiruhusu siasa iingie. Asiye na msimamo wowote hatumwiti mtulivu. Pengine hajali tu.

Hesabu za kura nazo zina la kutufunza. Mwaka 1995 matokeo ya urais wa Zanzibar yalitangazwa asilimia 50.2 kwa 49.8. Mwaka 2010 yakawa 50.1 kwa 49.1. Nchi ya namna hiyo haina upande utakaoshinda ukabaki peke yake. Lakini hizo ni hesabu za visiwa vyote, na mitaani haziko hivyo. Mwaka huo huo wa 1995 majimbo yote 21 ya Pemba yalikwenda kwa chama cha upinzani, CUF, na Unguja chama tawala, CCM, kikachukua karibu yote. Mtu wa Konde, Pemba, hukaa kutwa na wanaofikiri kama yeye, wa Donge, Unguja, vilevile, na kila mmoja huamini kuwa nchi nzima iko naye. Kwa hiyo mzigo haulingani: pale ambapo wenzako ndio wengi, kazi kubwa ni yako. Mzaha wako mdogo, jirani aliye peke yake huusikia kama kitisho.

Wazee wetu huiita miaka ya 1957 hadi 1963 zama za siasa. Watu walisusiana maduka na mabasi, na Juni 1961 watu 68 wakauawa. Baada ya 1995 Pemba ikarudia: duka la huyu halinunuliwi, maziko ya yule hayaendewi, ndoa zikavunjika kwa sababu ya kadi ya chama. Januari 2001 damu ikamwagika tena na watu wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Ukiangalia vizuri, kususiana kuna ngazi zake. Huanza salamu, hufuata duka, kisha chombo cha kusafiria na shamba, kisha harusi, mwisho maziko. Ngazi ya kwanza ni rahisi kuirekebisha. Salamu iliyokatika asubuhi huweza kurudishwa jioni ile ile kwa mtu mmoja kusema “hujambo” bila ya kungoja aombwe radhi. Ikishafika dukani pana fedha ndani yake, na mwenye duka ana watoto. Hapo “hujambo” peke yake haitoshi tena, itabidi ununue kibiriti mbele za watu.

Shambani hasara yake hupimika. Uchaguzi wetu mkuu huangukia Oktoba, na mara nyingi ndio wakati karafuu ziko juu ya miti. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, likifunguka thamani imekwenda. Mwenye shamba anayemkataa mchumaji kwa ajili ya fulana yake huwa ameuadhibu mkarafuu wake mwenyewe.

Tuje kwenye simu, maana siku hizi fitna nyingi hupita huko. Ikija khabari ya kuudhi, mpelekaji aulizwe suali moja lenye majibu matatu: umeona, umesikia, au umehadithiwa? Aliyeona atasema pahala na saa. Aliyesikia atamtaja aliyemwambia. Aliyehadithiwa hana cha kusema ila “wanasema”, na khabari yake iishie hapo. Si utaratibu mpya, Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe khabari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. WhatsApp nayo hutoa dalili: ujumbe ukiwa na mishale miwili juu yake, umekwisha kupita kwa watu watano au zaidi kabla ya kukufikia, na mara nyingi huyo aliyekuletea hajui ulikoanzia. Sauti ndizo mbaya kuliko zote. Maandishi unaweza kuyasoma kwa baridi, lakini sauti inayotetemeka hukutia hasira kabla hujajua inasema nini. Na haina tarehe: kilio cha uchaguzi uliopita huweza kurushwa leo kikaonekana cha jana.

Kwa hiyo kuanzia sala ya isha yanyamazishe makundi ya siasa. Simu inakupa muda wa saa nane, wiki moja, au daima. Muda wa saa nane unakufikisha karibu na alfajiri, na khabari ya kweli itakuwa bado ni ya kweli alfajiri. Zima pia kule kupakua picha na video zenyewe kwa zenyewe, usiku hutakuja kuziona bila ya kukusudia. Wanaojaribu haya hukosea pahala pawili. Kuna anayetoka katika kundi la ukoo kwa maneno ya kuagana makali, na maneno hayo ndiyo yanayokumbukwa siku ya posa. Kuna na anayemsahihisha mwenzake mbele ya watu mia. Aliyefedheheshwa hadharani hashukuru, huzidi kushikilia. Mwandikie pembeni, maneno mawili tu, umwachie mwenyewe afute.

Mwili nao una haki yake, na hapa wahimizaji wetu hupita haraka sana. Mtume (S.A.W.) amefunza kuwa aliyekasirika hali amesimama akae, isipomtoka hasira alale, na ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na shetani, kutawadha nako kumetajwa. Wataalamu wa mwili hawako mbali na hayo: maji baridi usoni hupunguza mbio za moyo, na aliyekaa hana wepesi wa kurusha ngumi. Juu ya hayo, pumzi. Ivute kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo lijae bila ya mabega kupanda, kisha itoe polepole ukihesabu hadi sita. Pumzi moja sekunde kumi, basi dakika moja ni pumzi sita, na dakika tano zinatosha kwa watu wengi. Sehemu yenye kazi ni ile ya kutoa, maana moyo hupunguza kasi pumzi inapotoka. Ndiyo sababu mtu mwenye hasira anayevuta kwa nguvu na kwa haraka, akidhani anajituliza, hupata kizunguzungu na ganzi vidoleni, akaona anaumwa na moyo. Ikitokea hivyo, aache kuhesabu na apumue kawaida. Anayeona kuhesabu ni kugumu, aseme “Subhanallah” moja ndefu kila anapotoa pumzi.

Na kahawa, jamani. Barza, pale tunapokaa kuzungumza, bila ya kahawa si barza, hatuwezi kuipinga. Lakini kahawa iliyonywewa saa tatu za usiku, ifikapo saa nane za usiku, nusu ya nguvu yake bado imo mwilini kwa mtu wa kawaida. Asiyelala huamka mkali, na mkali huamini kila anachoambiwa. Katika wiki za kampeni kikombe cha mwisho kiwe cha baada ya magharibi.

Barza zenyewe zilikuwa skuli ya kiasi. Mtu wa Hizbu na wa Afro-Shirazi, vyama vilivyoshindana katika zama za siasa, waliweza kuchezea ubao mmoja wa bao. Leo tuna barza za chama hiki na maskani za chama kile, kila moja na ubao wake wa kuandikia, na aliyepotea njia huonekana. Hatusemi zivunjwe. Tunasema kila mtaa uwe na barza moja angalau isiyo na bendera, tena bila ya sherehe ya kuizindua. Watu wanne wanatosha, wawili wa huku na wawili wa kule, ubao wa bao au keram, na siku maalumu, tuseme Jumaatatu na Alkhamisi baada ya alasiri. Wakizidi kumi mazungumzo hugawika pande mbili yenyewe. Mwiko uwe mmoja: siasa huzungumzwa, lakini anayetaka kumjibu mwenzake arudie kwanza alichosema mwenziwe mpaka mwenziwe aseme “ndivyo”. Huchosha, na kuchosha huko ndiko kunakohitajika. Barza hizi hufa kwa sababu moja hasa, mgombea kuja kununua kahawa ya wote. Siku hiyo kila mtu ajilipie yake.

Maziko tusiyazungumze sana, yana sheria yake inayojulikana. Fulana na kofia za chama zibaki nyumbani, kiongozi aliyekuja kuzika asipewe nafasi ya kuzungumza makaburini, na ikiwa marehemu alikuwa wa upande wa pili, wewe nenda mapema, ukachimbe, usiende wakati wa kurudisha mchanga tu.

Watatokea watakaosema haya ni madogo, na kwamba mambo ya Zanzibar huamuliwa na wakubwa. Ni kweli wakubwa wakikaa pamoja nchi hupoa. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume wa Zanzibar na Maalim Seif wa CUF walikutana, na tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66.4 ya wapiga kura wakaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Lakini uchaguzi ulipofutwa tarehe 28 Oktoba 2015, na ule wa marudio wa Machi 2016 ukasusiwa, Pemba haikuchukua muda kurudi kwenye kususiana maduka. Kwa maoni yetu mitaa haikuwa imewekeana ahadi yake yenyewe. Ilikuwa imeazima ya Ikulu, na ya Ikulu ilipokatika haikubaki na kitu.

Nawe mhariri, tuna ombi kwako. Gazeti likikosea khabari ya vurugu, sahihisho likae ukurasa ule ule ilipotoka khabari, kwa herufi za ukubwa ule ule. Sahihisho la mistari mitatu chini ya matangazo ya mnada halisomwi barzani.

Ni sisi,
Wanabarza,
Chake Chake, Pemba