Mwanangu, hilo handaki unalopita kila asubuhi

Idrisa babaangu,

Marahaba. Voisi yako nimeisikiliza yote mpaka pale ulipokuwa unatafuna, na bibi yako kaisikiliza, kasema kila hiyo subwei yenu ya New York, treni ya chini ya ardhi, ikiingia chini ya mto usome Ayatul Kursi, basi soma, ila na mimi nina langu la kuongeza maana sijafundisha fizikia miaka yote hiyo halafu mtoto wangu mwenyewe akae kwenye treni anabana pumzi kama anapiga mbizi. Nimeingia mtandaoni kusoma mpaka bando likakata, nikanunua jingine, baba yako anauliza hivi huyu mwanamke anataka kujenga subwei Tanga au vipi.

Umesema treni yako namba 4 ikitoka kituo cha Bowling Green inainama, masikio yanaziba kidogo, halafu inapanda mpaka kituo cha Borough Hall, na ukashangaa mbona treni ya R anayopanda mwenzako ni pana kuliko ya kwako. Hilo la upana nianze nalo maana ni jepesi. Treni za namba zilirithi reli za kampuni ya zamani iliyochimba mapema ikachimba kwembamba, za herufi zikaja baadaye na mahandaki mapana, kwa hiyo behewa lako lina kama mita 2 na sentimita 67 na la R lina mita 3 na ushee. Behewa la R kwenye njia yako halipiti. Mji ule mpaka leo una treni za saizi mbili na haziwezi kubadilishana, na yote sababu ya watu waliokubaliana vipimo zaidi ya miaka 100 iliyopita bila kufikiria wengine watakuja na vipi.

Sasa handaki lako lenyewe. Linaitwa Joralemon, limefunguliwa tarehe 9 Januari 1908, ndo la kwanza la subwei kuvuka chini ya East River kutoka Manhattan kwenda Brooklyn. Ni mabomba mawili ya chuma, kila bomba njia moja, na chuma chenyewe ni kile cha kumimina kwenye kalibu, vipande vipande vyenye kingo kwa ndani, unavipanga duara unavifunga kwa boliti ikawa pete, halafu pete nyingine, halafu nyingine, mpaka umevuka mto. Linainama kwa sababu lazima lipite chini ya kitanda cha mto na libaki na udongo wa kutosha juu yake, na pale chini kabisa katikati ndo maji yanayovuja yanakusanyika, kuna pampu zinayanyonya. Ndiyo, yanavuja baba, usishtuke, subwei yote ile hata siku isiyo na mvua wanapampu kama lita milioni 49 kwa siku. Handaki la zamani lisilovuja kabisa mie sijalisikia.

Hapa ndo utamu, kaa vizuri. Unachimbaje tope chini ya mto bila mto kukuingilia? Unaziba njia nyuma ya wachimbaji kwa ukuta wenye chumba cha milango miwili ya kupokezana, halafu unasukuma hewa ndani kwa presha mpaka ilingane na presha ya maji yanayotaka kuingia. Mbele kuna ngao ya chuma, duara kubwa linalosukumwa na majeki ya haidroliki, watu wanachimba ndani ya ngao na pete za chuma zinafungwa nyuma yake. Form three hiyo nilikufundisha mwenyewe: kila mita 10 za maji unaongeza presha ya anga moja. Sasa duara la mbele lina urefu wa kama mita 5 kutoka juu mpaka chini, maana yake presha ya maji sehemu ya chini inazidi ya juu kwa karibu nusu ya anga, lakini hewa uliyosukuma ni presha moja kote! Ukiweka hewa ya kutosha kuzuia maji ya chini, basi juu hewa imezidi, inatafuta pa kutokea, na kama juu yako ni mchanga laini inanyanyua tope lote kama mfuniko wa sufuria ya wali unavyonyanyuka upande mmoja. Ukipunguza hewa, maji yanakuja kwa chini. Hakuna namba iliyo sahihi, kuna namba ambayo leo haijakuua. Ndo maana walikuwa wanamwaga udongo wa mfinyanzi kwenye kitanda cha mto juu ya njia yao, kuongeza uzito, na mto mwenyewe unapitisha meli kama kawaida.

Na ikipasuka? Februari 1916 kwenye handaki la Montague, hilo hilo linalopitisha R ya mwenzako, hewa ilitoboa njia ikatoka na watu. Fundi mmoja anaitwa Marshall Mabey alinyonywa kutoka ndani ya handaki, akapita kwenye tope la kitanda cha mto, akapita kwenye maji, akarushwa juu ya mto kwenye mlipuko wa maji, na akaokolewa hai. Wenzake wawili walikufa. Hiyo nimeisoma nikamuita baba yako aje asome na yeye, akasema usimwambie mtoto, basi nimekwambia.

Waliobaki salama nao walikuwa na yao. Ukikaa kwenye presha kubwa naitrojeni inaingia kwenye damu, ukitoka haraka inafanya mapovu kwenye viungo, mtu anajikunja kwa maumivu na wengine wanapooza au kufa. Ikabidi presha ikipanda zamu inakuwa fupi, na kutoka unatolewa polepole kwenye kile chumba cha milango miwili. Injinia mmoja kijana aliyeanzia kwenye hilo handaki lako, Clifford Holland, akaja kusimamia na mengine ya subwei chini ya East River, halafu akapewa handaki la magari chini ya mto Hudson, akafariki 1924 ana miaka 41 kazi haijaisha. Wakaliita jina lake.

Ila kituko kuliko vyote ni handaki la treni namba 7, siku ukienda Queens panda uone. Lilianzwa 1892 na William Steinway, yule yule wa mapiano, si la treni, la tramu! Desemba ya mwaka ule ule baruti ikalipuka, watu watano wakafa, kazi ikasimama miaka. Akaja tajiri mwingine, August Belmont, 1905, akamalizia 1907, na kifusi kikamwagwa juu ya mwamba katikati ya mto mpaka pakawa kisiwa kidogo, kipo mpaka leo karibu na Umoja wa Mataifa. Halafu sikia, handaki limekamilika, kibali cha kuendesha hawana, likakaa tu bure mpaka 1915 ndo treni zikapita. Na kwa vile lilikuwa la tramu ni jembamba na kilima chake ni kikali, mita 4 na nusu kwa kila mita 100, ikabidi treni za njia ile zitengenezwe na gia zake za peke yake za kupandia. Yaani mtu anayetengeneza piano ndo aliyepanga treni ya mwaka 1915 iweje.

Kuna na la treni namba 2 chini ya mto Harlem, barabara ya 149, lile mkandarasi wake McBean alikataa kabisa mtindo wa ngao. Alichimba mfereji kwenye kitanda cha mto, akashindilia mbao pembeni, akazamisha paa zito la mbao juu yake, watu wakajenga chini ya paa. Upande wa pili wa mto akaona mbao za nini, akazamisha nusu ya juu ya handaki lenyewe liwe ndo paa. Mie huyo nimempenda.

Kilichonisumbua kidogo si maji ya mto, ni chumvi. Kile kimbunga Sandy cha Oktoba 2012 mahandaki kadhaa ya subwei ya chini ya mto yaliingia maji ya bahari. Wajenzi wa zamani walizika nyaya za umeme ndani ya yale mabenchi ya zege pembeni ya reli, ambayo pia ndo njia ya kutembea ikitokea dharura, ilikuwa akili nzuri kwa zama zile, sasa chumvi ikaingia ndani ya zege huko huko. La R lilifungwa miezi 13. La L walipanga kulifunga kabisa, 2019 wakaja na wazo lingine: nyaya za zamani waziache humo humo zife, mpya zitundikwe ukutani kwenye vishikio. Swali la mtihani hilo, mbona hatukuwaza toka mwanzo!

Sasa jumamosi ukipata nafasi nenda mtaa wa Joralemon, Brooklyn, nyumba namba 58. Kwa mbele ni nyumba ya kawaida ya ghorofa ya 1847, ina ngazi na mlango, ila madirisha yote ni meusi. Ndani hakai mtu. Kampuni ya subwei iliinunua wakati wa ujenzi wakaigeuza tundu la hewa la handaki lako na mlango wa kutokea watu ikiwa kuna dharura, kwa nje wakaiacha nyumba isije ikaharibu mtaa. Nipigie picha madirisha yaonekane vizuri, na usikilize kama treni inasikika ikipita, bibi yako hataki kuamini kabisa anasema nyumba isiyo na mtu haikosi wenyewe.

Hela ya kodi baba yako katuma jana, angalia.

Mama