Gurudumu lingoje kwanza

Wanangu wa kikundi cha ufinyanzi,

Hamjambo? Nasikia mnachanga fedha za gurudumu la umeme la kufinyangia. Silipingi. Lakini mliniita bibi yenu, basi nivumilieni: fedha hizo ziwekeni, muanze na udongo.

Nimekulia Matema, Ziwa Nyasa, mitumbwi ikishusha vyungu vya kabila la Wakisi kutoka Ikombe. Wanawake walioviumba hawakujua umeme. Na kama mnaona hayo ni mambo ya kizamani, mtazameni mfinyanzi Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi. Alisomea Uingereza, akaenda Abuja, Nigeria, kujifunza kwa wafinyanzi akina Ladi Kwali, na mitungi yake iliyomo hadi kwenye makumbusho ya London huijenga kwa mkono, pindi la udongo juu ya pindi, kisha akaisugua mpaka ing'ae.

Chukueni udongo mbichi, usokoteni uwe mnene kama kidole, muuzungushe kidoleni. Ukipasuka, haushikani; tafuteni mwingine. Ukikubali, tengenezeni kipande cha sentimita 10, kikauke, mkipime tena. Kikipungua sentimita nzima, huenda vyungu vyenu vikapasuka kabla hata ya kuona moto. Hapo changanyeni mchanga au vigae vilivyotwangwa. Na kukanda msione uvivu, mikono iume.

Halafu kukausha. Hapa ndipo vijana mnaponichosha! Mwaka mmoja niliagizwa vyungu vya harusi, mvua ikanikawiza, nikavichoma vikiwa na unyevu ndani. Maji yakishafika nyuzi 100 hugeuka mvuke, na mvuke usipopata njia huitengeneza wenyewe. Nilisikia milio jokoni kama bisi. Vyungu 12! Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Siku ile nilikuwa na magae ya kulishia ukoo wa bwana harusi wote. Kaushieni kivulini, mdomo na kitako vikauke pamoja, kisha moto uanze mdogo, wa kuvipasha tu. Udongo hauachi kuwa tope mpaka upite nyuzi 500 na ushee, kwa hiyo kilichokauka juani tu, hata kikiwa kigumu vipi, kitieni maji mwone.

Rangi za kung'aa tutazungumza baadaye. Kwa sasa, yenye madini ya risasi isiguse chombo cha chakula.

Mkija kwangu, kila mmoja abebe udongo wa kwao, ndoo nusu yatosha. Na mkeka wa kukalia, maana viti vyangu ni viwili.

Bibi yenu